RNA ndogo na kikasha cha punje

Ukichukua punje ya mpunga ambayo haijakobolewa na kuitazama kwa makini, utaona kwamba kumvi yake ina vipande viwili vilivyoshikana kingo kwa kingo, mfano wa kikasha kilichofungwa. Kikasha hicho huumbika kabla ua halijachavushwa, na wanga huja baadaye kujaza nafasi iliyokwisha kupimwa. Kwa hiyo unene wa punje hutegemea sana idadi ya seli zilizojengwa katika kumvi na kiasi zilivyotanuka. Miongoni mwa vinavyoamua hesabu hiyo ni RNA ndogo, yaani molekuli za jamii ya DNA zenye herufi (vijenzi vya kemikali vilivyopangwa kwa mfuatano) takriban 21 tu, na ndizo zilizonishughulisha siku hizi.

RNA hizi hazibebi maelezo ya kujenga protini. Hukatwa kutoka katika RNA ndefu iliyojikunja yenyewe, kisha hushikwa na protini iitwayo Agonauti, ambayo huzitumia kama kielelezo cha kutafutia RNA ya ujumbe (nakala ya jeni inayobeba maelezo ya kujenga protini) yenye mfuatano unaooana nazo. Ujumbe ukipatikana, hukatwa mkabala na mahali panapokutana herufi ya 10 na ya 11 za RNA ndogo, na protini iliyokusudiwa haijengwi. Katika mimea uoanaji huo hutakiwa kuwa karibu kamili, ndiyo maana badiliko la herufi moja au mbili mahali panapotambuliwa na RNA ndogo laweza kuunusuru ujumbe.

Mfano ulio wazi zaidi ni jeni ya mpunga iitwayo OsGRF4, ambayo huchochea ukuaji wa seli za kumvi na kwa kawaida hudhibitiwa na RNA ndogo iitwayo miR396. Mnamo 2015 watafiti walieleza kwamba mipunga fulani yenye punje kubwa ina herufi mbili zilizobadilika mahali hapo hapo panapotambuliwa na miR396. Jeni haikupata uwezo mpya wa kustaajabisha. Ilichoponyoka tu ni breki.

Ngano nayo imepita njia hiyo. Jeni Q, ambayo huchangia punje zake kutoka kwa urahisi katika makapi wakati wa kupura, inatofautiana na ndugu yake wa kale kwa herufi moja mahali panapotambuliwa na RNA ndogo nyingine, miR172. Wakulima wa kale waliochagua masuke yasiyowasumbua kupura walikuwa, bila kujua, wakichagua ujumbe uliokwepa kukatwa, na kwangu hilo linapendeza kuliko jambo lolote lililowahi kufanywa maabara.

Hata hivyo, si kila breki ni ya kulegezwa. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba kuongeza katika mpunga miR397, RNA ndogo inayopunguza kimeng'enya cha aina ya lakasi, hukuza punje na kuongeza matawi ya suke. Vilevile jeni OsSPL14, ujumbe wake ukikwepa RNA ndogo miR156, huupa mpunga suke lenye punje nyingi lakini machipukizi machache, kwa hiyo faida ya upande mmoja hulipiwa upande mwingine.

Ndani ya kikasha mambo ni magumu zaidi. Endospemu, ambamo wanga hukusanyika, huwa na seti mbili za kromosomu kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba, na katika mpunga sehemu kubwa ya RNA zake za herufi 24 hutoka upande wa mama. Hizo hazikati ujumbe. Huelekeza alama za kemikali ziwekwe kwenye DNA, hasa palipo na vipande vya DNA vinavyohamahama.

Kwa anayetaka kuboresha mbegu, shida ni kwamba miR396 haiisimamii OsGRF4 peke yake. Mpunga una jeni 12 za jamii ya GRF, na nyingi kati yake hudhibitiwa na RNA hiyo hiyo, hivyo anayeipunguza miR396 huzigusa kwa pamoja, ilhali anayebadili herufi chache mahali panapotambuliwa katika jeni moja huiachilia hiyo tu.