Nilivyofanikiwa kuzipiga zile nyimbo tatu za huzuni za Black Sabbath

Kuna watu ukiwatajia Black Sabbath, ile bendi ya hevi metali ya Uingereza, wanachowaza ni kelele tu, magita yananguruma, majamaa wana minywele na misalaba shingoni, basi. Mi mwenyewe nilianza kuwapenda kwa kelele iyo iyo sikatai, ila kilichonifanya nisiwaache miaka yote ni zile nyimbo zao za mwanzo za taratibu. Planet Caravan iko kwenye Paranoid ya 1970, Solitude iko kwenye Master of Reality ya 1971, Changes iko kwenye Vol. 4 ya 1972. Yaani albamu tatu mfululizo na kila moja wameficha wimbo mmoja wa kukalia gizani peke yako, na ukikutana na shabiki wao wa kweli usimuulize Iron Man, ule wimbo wao maarufu wa kelele, muulize kati ya hizo tatu anaipenda ipi, hapo ndo utamjua ni mtu wa aina gani. Mi ni mtu wa Solitude.

Sasa Julai 2025 Ozzy Osbourne, muimbaji wao, akafariki, tarehe 22, wiki mbili na kitu tu toka lile tamasha la kuaga pale Villa Park Birmingham ambapo yule kijana Yungblud aliimba Changes na uwanja mzima ukawa unaimba naye. Nimeirudia ile video sijui mara ngapi, bando lote limeishia hapo, nikasema hapana, hizi nyimbo siwezi kuendelea kuzisikia kwenye erifoni tu kama mtu wa pembeni, lazima nizipige mwenyewe, kwa vifaa nilivyonavyo na kwa sauti niliyonayo. Vifaa vyenyewe ni gita moja la mbao la mtumba, basi. Kinanda sina. Sauti ya kawaida, bafuni inakubalika.

Nikaanza na Changes kwa sababu ndo ilikuwa inanipa moyo. Tony Iommi wa Sabbath hakuwa mpiga kinanda bwana, yule ni mtu wa gita, kinanda kajifundishia kwenye ile nyumba waliyopanga Bel Air, Los Angeles, wakati wanarekodi Vol. 4, kwahiyo unachosikia pale ni mtu ambaye naye alikuwa anajifunza, ile mistari imetulia, inajirudia rudia, haina madoido. Na ukisikiliza vizuri utagundua gita halipo kabisa, dramu hakuna, kuna kinanda, besi, sauti ya Ozzy, na Geezer Butler, mpiga besi wao, kwenye meletroni, kile kinanda cha zamani ambacho kila kitufe ukibonyeza kinavuta kipande cha mkanda uliorekodiwa sauti ya vayolini na kadhalika. Ile sauti yake imechakaa chakaa ivi, inatetemeka, na ndo inayoumiza.

Kinanda nikakipata kanisani. Nikamfuata mwalimu wa kwaya, nikamwambia mwalimu naomba niwe nabaki kidogo mazoezi yakiisha, kuna wimbo najifunza. Akauliza wa nani, nikamtajia. Akaniangalia.

"Kijana wangu, hawa si ndo wale wa mambo ya giza?"

Nikamwambia mwalimu, anayeandika mashairi yao Geezer kalelewa Mkatoliki, ile misalaba wanayovaa baba yake Ozzy ndo aliwatengenezea, na huu wimbo wenyewe hauna shetani hata mmoja, mpiga dramu wao Bill Ward ndoa yake ilikuwa inavunjika, Geezer akaandika maneno, ndo hivyo tu. Naona hajaridhika. Nikaona nisibishane, nikamfungulia Changes ya Charles Bradley, yule mzee wa soul wa Marekani aliyeurudia wimbo huu akawa anauimba kwa ajili ya mama yake aliyefariki, una matarumbeta na kila kitu. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho hajasema neno, alafu akasema huyu baba analia kweli. Funguo nikapewa. (Kama una mtu hataki kusikia habari za hevi metali nakushauri upite mlango huo huo, usimuanzishie na Ozzy.)

Shida ya Changes siyo vidole. Kwenye vidole mwalimu alinielekeza kodi (yaani chords) zote jioni moja, hata yeye alishangaa jinsi zilivyo za kawaida, akasema hizi mbona tunazo kwenye nyimbo za Kwaresma. Shida ni kwamba hakuna dramu ya kukushika mkono. Mwalimu akataka aniwashie biti ya kinanda, ile ya taratibu, anasema bila biti utapotea, na kweli nilikuwa napotea, nafika katikati nakimbia kama nadaiwa, ila biti ikiwaka tu wimbo unakufa palepale, unakuwa wa harusi. Nilichofanya ni hiki: niliacha kinanda kwanza, nikawa nauimba huku natembea, uani, barabarani usiku, mwendo wa mtu asiye na haraka, nikajirekodi na simu nikiwa natembea hivyo hivyo, alafu ndo nikaja kupiga kinanda juu ya ile rekodi. Hapo ikakaa. Sauti ikawa ndo inaongoza na kinanda kinafuata nyuma, pale sauti inapovuta pumzi kinanda nacho kinasubiri. Na kwa zile vayolini za meletroni niliweka sauti ya vayolini ya kinanda nikaipunguza sana, karibu isisikike.

Planet Caravan nayo ilinipeleka kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga tumba kwenye bendi za dansi zamani, anakaa mitaa ya jirani na sisi. Maana mle Bill Ward hapigi dramu, anapiga tumba, tena kwa upole mpaka unaweza usijue kama zipo. Nikamwendea, shikamoo mzee, marahaba karibu, nikampa erifoni asikilize. Akasikiliza huku anapiga goti kwa vidole, akauliza, "Huyu mbona anapiga hivi, anaogopa kuamsha watoto?" Nikacheka nikamwambia ndo maana yake mzee, ni wimbo wa watu wanaoelea angani mbali huko kati ya nyota, hawataki kelele. Akasema basi hapa kiganja hakitakiwi, akageuza mkono akaanza kupiga kwa ncha za vidole tu, pembeni ya ngozi, na kuanzia hapo sikumwelekeza kitu tena, yeye ndo akawa ananielekeza mimi niache kujaza nafasi kwenye gita. "Acha hewa kijana, acha hewa."

Alafu ile sauti. Mnaijua ile sauti ya Ozzy kwenye Planet Caravan, kama inatoka chini ya maji. Waliipitisha kwenye spika ya Leslie, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ogani, ndani ya kabati kuna kitu kinazunguka kinatupa sauti huku na huku ndo maana inayumba. Mi nitaitoa wapi Leslie Dar es Salaam? Nikakumbuka kila mtoto amewahi kuongea mbele ya feni akasikia sauti yake inakatika katika. Basi nikachukua feni ya mezani, nikajaribu weee mpaka nikapata namna: feni iwe namba moja, ukiongeza inakuwa roboti, wewe unaimba kwa mbele upepo unakupiga usoni, simu ya kurekodia inakaa nyuma ya feni ambako upepo hauipigi moja kwa moja, na juu ya maiki ya simu unavalisha soksi safi. Uimbe karibu kabisa na ule wavu. Haitoi Leslie yenyewe siwadanganyi, ila inayumba vizuri, mzee wa tumba aliposikia rekodi akauliza nimetumia mashine gani nikamuonyesha feni, akacheka mpaka akakohoa. Tatizo pekee ni umeme, ukikatika katikati ya ubeti ndo umerudi binadamu wa kawaida.

Lile gita la mwishoni lenye harufu ya jazi nililipunguza nikapiga nusu. Iommi mwenyewe alimpenda sana Django Reinhardt, mpiga gita wa jazi wa zamani, na hadithi ya Iommi wengi mnaijua, akiwa na miaka 17 mashine ya kiwandani Birmingham ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga mashoto kwahiyo huo ndo mkono wa kubana nyuzi. Bosi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django ambaye naye alipiga gita la maajabu wakati vidole viwili vimeungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vifuniko vya vidole, akafunga nyuzi nyembamba. Ukijua hayo alafu ukasikiliza anavyopapasa zile noti za mwisho za Planet Caravan, aisee.

Solitude nimeiacha mwisho kwa sababu ndo yangu. Hiyo haikunipa kazi ya vifaa, ilinipa kazi ya mdomo. Ozzy kaimba kwa chini sana mle mpaka mashabiki miaka na miaka wanabishana eti aliyeimba ni Bill Ward, hapana, ni Ozzy, ila siyo yule Ozzy wa kupiga kelele. Kuimba chini hivyo bila sauti kukauka ni kazi, mi nikishusha nguvu na noti inashuka. Nikajaribu kushusha nyuzi za gita zifuate rekodi, gita langu likapwaya, linavuma kama nzi, nikalirudisha kawaida nikahamisha wimbo kwenye ki (key) ya sauti yangu. Na naimba nimekaa, usiku, watu wa nyumbani wamelala, hapo lazima uimbe chini utake usitake. Ikakubali.

Siku ya kuwapigia watu tulikuwa wachache tu, Sinza kwa rafiki yangu, mwalimu kaja na kinanda, mzee kaja na tumba. Kwenye Planet Caravan jamaa mmoja mpenzi wa rhumba akainama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, sebene inaanza saa ngapi?" Nikamwambia haianzi. Akakaa akiisubiri hivyo hivyo. Yule mwingine wa metali, ambaye huku Dar tunajuana wote, siyo kama Nairobi wenzetu wametoa mpaka bendi ya metali ya Duma, yeye alinuna tulipofika Changes anasema huo wimbo ni laini mno bendi ilishaanza kulegea, tukabishana mpaka soda zikapata moto, lakini Solitude ilipoisha hakusema kitu, aliomba tu nirudie. Nikairudia bila feni bila tumba.

Kilichobaki ni filimbi. Kwenye Solitude Iommi anapiga filimbi na mi sijapata mpigaji, kwa sasa mwalimu ananisaidia kwa kinanda na sauti yake ya filimbi ni ya kitoto sana, inaharibu. Nikimpata mtu wa filimbi narekodi upya zote tatu, alafu naingia Laguna Sunrise, ile ya gita isiyo na maneno ya kwenye Vol. 4, nimeshaanza na vidole vinauma.