Maili 80 na mfuko wa nyongo

Tulitoka Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, mwezi wa Januari. Barafu ilikuwa imeganda kwenye kioo cha gari, Papa akaikwangua kwa kadi ya benki huku akilaani baridi kwa Kifuliru. Si baba yangu mzazi, Papa namwita kwa heshima tu. Yeye ni mtu wa Uvira, Kongo, kanizidi miaka 30 hivi. Siku hiyo alikuwa na shughuli ya kanisa huko Lexington, akakubali kunibeba.

"Na hiyo tai, unaenda kuoa?"

Nikamwambia naenda hospitali kufanya ukalimani, mara yangu ya kwanza ana kwa ana na mgonjwa. Akacheka. "Kusema Kiswahili tu, banakulipa?"

Swali hilo nililala nalo wiki nzima. Nilivushwa Ziwa Tanganyika nikiwa mgongoni mwa mama mwaka 1996, kutoka Baraka hadi Kigoma, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Shuleni tulisoma Kifaransa, kwa mtaala wa Kongo. Sokoni Makere Watanzania walitucheka: "Hicho Kiswahili mmekiokota wapi?" Nilipofika Kentucky mwaka 2014 nikaanza Kiingereza upya, usiku, baada ya zamu ya kukata nyama ya nguruwe. Lugha tatu, na hakuna hata moja niliyoona inastahili kuvaliwa tai.

Baada ya Shelbyville kukaanza kupambazuka. Papa akarudia hadithi yake ya kila safari: Kinshasa, 1974, pambano la ngumi, redio ya jirani, watu wakiimba "Ali, boma ye!", yaani "Ali, muue!" Kwake yeye ni ajabu isiyoisha kwamba Mungu alimtupa Louisville, mji aliozaliwa bondia huyo, Muhammad Ali. Mimi nilikuwa namsikia nusunusu. Nilikuwa nakariri midomoni: ini, figo, kongosho, wengu.

Tulivuka Mto Kentucky karibu na Frankfort, ukungu umeufunika. Kisha yakaja mashamba ya farasi, uzio mweusi wa mbao ukipanda na kushuka vilima, na farasi waliovishwa mablanketi. "Farasi ana koti zuri kunishinda," akasema Papa.

Nilimweleza tulichofundishwa kwenye kozi ya saa 40. Mgonjwa akisema "naumwa", nami nasema "naumwa", siyo "anasema anaumwa". Usiongeze, usipunguze. Ukikwama, jitaje kama mtu wa pembeni: "Mkalimani anaomba ufafanuzi." Nikamwambia pia kwamba hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumtafutia mgonjwa mkalimani bila kumlipisha, chanzo chake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Papa akanyamaza. Mara ya mwisho alipokwenda kliniki, mkalimani wake alikuwa mjukuu wa miaka tisa.

Sikumlaumu. Mwaka wetu wa kwanza mama aliugua tumbo la uzazi, na chumbani nilikuwa mimi, mwanawe wa kiume. Alichosema kilinichoma masikio. Nusu yake niliimeza, na daktari alitibu ile nusu niliyotoa. Alipona kwa shida, baada ya miezi. Hiyo ndiyo sababu nilijiandikisha kwenye kozi, ingawa kwenye fomu niliandika "napenda lugha".

Za mgonjwa wa Lexington nitasema machache, na hata hayo nimeyageuza kidogo. Alikuwa mama mtu mzima, kajifunga kitenge juu ya gauni la hospitali. Kabla sijamaliza kujitambulisha akaniuliza: "We uko mwana wa nani?" Kwetu huwezi kukaa na mtu mzima bila kujibu hilo. Lakini sheria ni sheria, nikamgeukia daktari nikatafsiri: "Wewe ni mtoto wa nani?" Daktari akashtuka. Akadhani ameulizwa yeye, akaanza kumtaja baba yake.

Tukacheka wote watatu, mabega yangu yakashuka.

Kisha daktari akataja kile kifuko kinachokaa chini ya ini. Kwa Kiingereza nilikijua vizuri. Kwa Kiswahili kichwa kikawa cheupe. Nikafungua mdomo niombe ufafanuzi, na badala yake nikamsikia marehemu baba kule Nyarugusu, siku ya Noeli, kisu mkononi juu ya mbuzi: "Angalia nyongo! Ukiipasua, nyama yote inakuwa chungu!"

"Mfuko wa nyongo," nikasema. "Una vijiwe ndani."

"Eee, nyongo!" Mama akapiga paja. "Sasa unasema!"

Nikatafsiri na hilo.

Palepale kwenye dawa mgonjwa akataja saa mbili, nikaomba ufafanuzi kweli. Saa mbili ya Nyarugusu ni ya asubuhi. Ya mama yangu, aliyesomea Kifaransa na kuhesabu saa kizungu, ni mchana baada ya chakula. Sikutaka kubahatisha saa mbili ya huyu. Tukakubaliana: kabla ya chai ya asubuhi.

Wakati wa kurudi Papa hakuniuliza habari za mgonjwa, na nisingemwambia. Alizima redio. Tulipokaribia Shelbyville akaniambia nifungue kisanduku cha mbele ya kiti changu. Chini ya leso na risiti za mafuta kulikuwa na bahasha tatu za kliniki, zote hazijafunguliwa. Ya zamani ilikuwa ya Oktoba.

"Zinasema presha, nafikiri," akasema, macho barabarani. "Mtoto hakuelewa."

Akakata kona kuingia kituo cha mafuta, akaegesha chini ya taa. Nikachana bahasha ya kwanza.