Chembe nyeupe ziliposhuka

Leo mdogo wangu amekula vizuri, na homa haijarudi tangu juzi. Mafua makali yalimlaza kitandani, mwili wote ukimuuma, lakini kilichoninyima usingizi ni karatasi ya maabara. Kwenye picha kamili ya damu, kipimo kinachohesabu chembe za damu, mstari wa kwanza ulisomeka: chembe nyeupe, zile askari wa mwili, 2,600 kwa mikrolita, na pembeni mshale mdogo unaoelekea chini. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban 4,000 hadi 11,000. Aliyetukabidhi ile karatasi hakusema neno. Tulikaa nayo kwenye benchi, kila mmoja na mawazo yake, na najua sote wawili tuliwaza saratani.

Wengi tumezoea kwamba ukipata maambukizi chembe nyeupe hupanda. Kwa bakteria mara nyingi ndivyo ilivyo. Virusi vingi hufanya kinyume: mafua makali, surua, rubela, dengi, homa ya ini, hata UVIKO-19, ambao hupunguza zaidi limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Daktari alitueleza bila haraka, na namshukuru sana kwa hilo. Virusi vinaweza kupunguza kasi ya uboho, kule kwenye mifupa ambako chembe hizi huzaliwa. Nyingine hufa katika mapambano. Na nyingine zimetoka tu kwenye mishipa, zimekwenda kwenye tezi na mapafu, kwenye kazi. Sindano huchota zile zilizo njiani wakati huo, kwa hiyo namba ndogo kwenye damu haimaanishi lazima kwamba mwili mzima umeishiwa askari.

Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa neutrofili, aina ya chembe nyeupe zinazopambana hasa na bakteria: 1,300. Hapo ndipo pa kutazama, alisema, kuliko ile jumla ya juu. Chini ya 1,500 huhesabiwa kuwa pungufu, chini ya 500 ni hatari kweli. Neutrofili hukaa kwenye damu kwa muda mfupi sana, saa kadhaa hadi siku hivi, ndiyo maana uboho ukilegea kidogo tu namba huporomoka, na ukiamka hupanda tena upesi. Baada ya virusi vya kawaida, wengi hurudi sawa ndani ya wiki moja au mbili bila dawa yoyote ya kupandisha chembe.

Daktari aliuliza pia kuhusu kila dawa aliyomeza mdogo wangu, zikiwemo za maumivu, maana zipo zinazoshusha chembe nyeupe, na kuna hatari ya kuvisingizia virusi. Akauliza kama kuna vipimo vya zamani. Watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache tangu kuzaliwa na ni wazima kabisa. Bila kipimo cha nyuma, huwezi kujua kama namba imeshuka au ndiyo kawaida ya mtu.

Jambo moja limenikaa moyoni, na ningependa kila anayeuguza mtu alijue. Usaha kwa sehemu kubwa ni neutrofili zilizokufa. Zikiwa zimekwisha, koo linaweza kuoza lisionyeshe usaha, kidonda kisivimbe, mapafu yakaugua huku picha ya kifua ikionekana safi. Homa inaweza kuwa dalili pekee. Kwa hiyo mtu mwenye neutrofili chini ya 500 akifikisha joto la 38, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Hasubiri kukuche, wala hamezi kwanza dawa ya kutuliza homa ili aone itakuwaje. Mdogo wangu hakufika huko, lakini kipimajoto kililala kando ya mto wake siku zote hizi.

Ndugu walishauri apewe antibiotiki "kwa usalama". Wanampenda, sikuwabishia kwa ukali. Niliwaambia tu kwamba haziui virusi, na baadhi yake nazo hushusha chembe hizo hizo.

Kipimo cha marudio ni wiki ijayo. Zikibaki chini kwa wiki nyingi, daktari atatafuta zaidi: VVU, homa ya ini, upungufu wa vitamini B12 au foleti, magonjwa ya kinga, na hatimaye uboho wenyewe. Mdogo wangu anasema atakwenda peke yake. Nitakwenda naye, na safari hii hatutaondoka na karatasi ambayo hatujasomewa.