Maziwa lala ya shangazi na swali la risasi

Kila Ijumaa jioni shangazi yangu, anayeishi Kariobangi Kusini, huchemsha maziwa, huyaacha yapoe, huchanganya vijiko viwili vya maziwa lala ya wiki iliyotangulia, kisha huyafunika karibu na jiko mpaka yagande. Mwezi uliopita, kwa kuwa anajua kazi yangu ni ya maabara, aliniuliza kama ni kweli alivyosikia redioni kwamba maziwa hayo huondoa sumu ya risasi mwilini. Nilitaka kumjibu papo hapo, nikaona heri ninyamaze kwanza.

Swali lenyewe si la mzaha. Kariobangi haiko mbali na Dandora, liliko jaa kuu la taka la Nairobi. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanyika huko: kati ya watoto 328 waliopimwa, takriban nusu walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, ambacho wakati huo ndicho kilichohesabiwa kuwa mpaka wa hatari. (Risasi ninayoisema ni metali ya kwenye betri za magari, si ile ya bunduki, ingawa hata ya bunduki hutengenezwa nayo.)

Bakteria wanaogandisha maziwa, kama vile Lactiplantibacillus plantarum na jamaa zake, wana ukuta mnene nje ya utando wa seli. Ukuta huo umejaa vikundi vya kaboksili na fosfeti vyenye chaji hasi, na kwa kuwa ioni (yaani atomi zenye chaji) za risasi na za kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, zina chaji chanya, zikipita karibu hunasa pale kama mbegu za kishona nguo zinavyonasa kwenye suruali ya mtu aliyekatiza kichakani. Bakteria hana uamuzi wowote katika jambo hilo. Nimewahi kuwaua kwa mvuke wa moto, nikawatia katika maji yenye risasi, na wafu wale bado waliipunguza risasi majini. Anayesema bakteria hawa “hula” sumu anawasifu kwa kazi wasiyoifanya.

Taabu yao huanza metali inapovuka utando. L. plantarum hukusanya manganizi, metali ambayo seli huihitaji, ndani ya seli kwa wingi usio wa kawaida, kwa sababu huitumia kuzima aina kali za oksijeni zinazoharibu seli, kazi ambayo viumbe wengi huifanya kwa kimeng’enya maalumu. Mlango unaoingiza manganizi, hata hivyo, haubagui vizuri, na kadimiamu hupita hapo kwa kitambulisho cha mwenzake. Ikishaingia hujishikiza kwenye salfa ya protini, protini zikapoteza umbo, na shughuli za seli zikazorota. Bakteria hujibu kwa kutengeneza kwa wingi protini za kukarabati, yaani zile zinazoshika protini iliyojikunja vibaya na kuikunja upya au kuipeleka ikavunjwe. Baadhi yao wana pia pampu kwenye utando, zinazotumia nishati ya seli kuisukuma kadimiamu nje. Jeni za pampu hizo mara nyingi hulindwa na protini inayokalia DNA kama askari wa lango: metali ikiishika, protini huachia, na jeni zikaanza kusomwa. Kwa hiyo pampu hazitengenezwi bure siku ambayo hakuna sumu. Aseniki, sumu nyingine, ina kisa chake, kwani aseneti, mojawapo ya maumbo yake, hufanana na fosfeti na huingia kwa njia ya fosfeti. Bakteria wenye jeni zinazohusika huigeuza kwanza kuwa aseniti, umbo jingine la aseniki ambalo ni kali zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo ambayo pampu inaitambua. Si kila bakteria rafiki ana silaha hizi, na hata ndugu wawili wa spishi moja wanaweza kutofautiana.

Niliweka neli mbili za mchuzi wa kukuzia bakteria kwenye joto la nyuzi 37, moja ikiwa na kadimiamu kidogo. Asubuhi ile isiyo na kadimiamu ilikuwa imechafuka kama maji ya kuoshea mchele, na nyingine ilikuwa angavu kama chai ya rangi. Nilidhani wamekufa. Siku ya tatu nayo ilichafuka: walikuwa hai muda wote, ila nguvu zao ziliishia kwenye matengenezo kabla ya kuanza kugawanyika.

Kwa upande wa risasi niliaibika. Neli yake ilichafuka mapema mno, nami nikaandika daftarini kwamba wamestawi vizuri, mpaka mwenzangu aliponionyesha kwamba hata neli ambayo hatukutia bakteria yeyote ilikuwa nyeupe vilevile. Mchuzi ule una fosfeti, na risasi ikikutana na fosfeti hugeuka chembe nyeupe zisizoyeyuka. Kurasa mbili za daftari zikafutwa. Tangu siku hiyo risasi naipima katika maji yasiyo na fosfeti.

Ndani ya mwili wa mtu mambo huenda kwa awamu. Tumboni asidi ni kali, na ioni za hidrojeni huzijaza nafasi zile zenye chaji hasi, hivyo ukuta hushika metali kidogo tu. Utumbo mdogo hauna asidi kali kiasi hicho, na hapo ukuta hushika vizuri zaidi; kinachonaswa kinaweza kutoka na choo kabla ya kuingia damuni. Risasi ambayo imekwisha kukaa mifupani haifikiwi na bakteria wa utumbo. Jirani zetu wa Mwanza walishiriki jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2014, ambapo wajawazito na watoto wa shule walipewa mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Kwa wajawazito ilionekana kinga fulani dhidi ya kuongezeka kwa zebaki na aseniki damuni, lakini kwa watoto matokeo hayakuwa ya kutegemewa. Mimi nalichukua kama mwanzo mzuri, wala si ruhusa ya kuuza mtindi kama dawa.

Jumamosi nilimweleza shangazi hayo yote tukinywa chai. Nilimwambia aendelee na maziwa yake kwa kuwa ni chakula kizuri, na kalsiamu iliyomo nayo hupunguza risasi inayofyonzwa utumboni, ila sukuma wiki aioshe vyema, ingawa maji huondoa vumbi la juu ya jani tu, si kilichopanda kupitia mizizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninyang’anya kikombe akakijaza tena, kisha akampigia simu mama mboga wake kumuuliza sukuma ya wiki hii imetoka shamba la wapi.