Jinsi nilivyopunguza umeme wa feni za kunyausha chai

Nilipokabidhiwa usimamizi wa umeme katika kiwanda kimoja cha chai huku Mufindi, niliamini kwamba hasara ilikuwa ndani ya mota zenyewe, hasa zile zilizokwisha kusukwa upya, yaani kuwekewa nyaya mpya ndani, mara mbili au tatu. Nilizunguka na klampumita, kipimo kinachobana waya kwa nje, nikasoma ampea, nikazidisha kwa volti, kisha nikaandika orodha ya mota za kubadilishwa. Orodha ile ilikuwa na makosa. Mota yenye mzigo mdogo huendelea kuvuta ampea nyingi ili kujenga usumaku wake, ilhali nguvu inayotumika kweli ni ndogo. Ilinibidi niazime kifaa kinachopima kilowati pamoja na pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli, ndipo nikaona kwamba palipostahili kushughulikiwa ni kwenye feni za kunyausha.

Majani mabichi hutandazwa juu ya vitanda virefu vya wavu, na feni huyapuliza kutoka chini kwa saa 12 hadi 18. Mwanzoni huhitaji hewa nyingi. Yakishapoteza maji, huhitaji kidogo. Wafanyakazi waliipunguza hewa hiyo kwa kufunga vibao mbele ya feni, huku mota ikizunguka kwa kasi ileile. Feni yenye mota ya kilowati 15 ilitumia kilowati 12.4 vibao vikiwa wazi, na vilipofungwa nusu bado ilitumia 10.

Tulifunga invata, yaani kifaa kinachobadili kasi ya mota, kwenye feni mbili za majaribio, baada ya kuziondoa kapasita zake, yaani vifaa vya kurekebisha pawa fakta, maana kapasita haipaswi kukaa kati ya invata na mota. Nguvu ya feni hufuata kipeo cha tatu cha kasi (kasi × kasi × kasi), hivyo kasi ya asilimia 80 huhitaji takriban asilimia 51 tu ya nguvu. Kwa hezi 40 badala ya 50, yaani asilimia 80 ya kasi, vibao vikiwa wazi kabisa, tulisoma kilowati 6.7.

Mzee aliyesimamia unyaushaji hakushughulika na tarakimu hizo. "Mwanangu, mimi nasikiliza jani," aliniambia, akafinyanga konzi la majani kuona kama litashikana. Nilimwachia yeye aamue wakati wa kushusha kasi, na naona huo ndio uamuzi wangu bora katika kazi nzima.

Uamuzi mbaya ulifuata. Kwa kuogopa unyevu na vumbi, nilizihamishia invata kwenye chumba safi kilichokuwa mbali na feni, nikavuta nyaya ndefu. Baada ya miezi michache, mota moja iliyowahi kusukwa upya iliungua. Invata hutoa umeme kwa mapigo makali, na kwenye waya mrefu mapigo hayo hurudi yakapandisha volti kwenye ncha za mota, kiasi ambacho kihami cha zamani, yaani kinga inayotenga nyaya za mota, hakikustahimili. Nilizirudisha karibu na mota, ndani ya makasha yaliyozibwa vizuri yenye nafasi ya kutosha kupoa, na mota iliyoungua tukaibadilisha kwa mpya ya daraja la ufanisi la IE3 badala ya kuisuka tena.

Feni za kikaushio, ambazo hufanya kazi kwa kasi kamili muda wote, sikuzifungia invata, kwa sababu invata zenyewe hupoteza umeme kidogo na pale pasingekuwa na cha kuokoa. Huko tulinyoosha puli na kubadilisha mikanda iliyochakaa.