Kutoka London hadi Trouville, kufuata mchanga wa Monet

Safari ya Trouville, mji wa pwani wa Ufaransa, ianzie London, kwa sababu picha ambayo mchoraji Mfaransa Monet alichora ufuko wake iko huko. Nilishuka Charing Cross nikavuka Trafalgar Square hadi National Gallery, jumba la sanaa. Kuingia ni bure. Hakikisha kwanza kuwa picha iko ukutani, maana huwa zinaazimwa.

“The Beach at Trouville”, aliyoichora Claude Monet mwaka 1870, ni ndogo: upana haufiki sentimita 50. Wanawake wawili wameketi ufukweni na miamvuli. Wa kushoto, mwenye gauni jeupe, huaminika ni Camille, mkewe. Katikati yao kuna kiti kitupu. Wengi huitazama kwa mbali wakapita. Sogea, kisha simama pembeni ili mwanga uipige rangi kwa mshazari. Ukibahatika utaona vipele. Ni mchanga halisi, uliopeperushwa na upepo ukanasa kwenye rangi ya mafuta ingali mbichi. Kwangu mimi chembe hizo zina uzito kuliko saini: zinathibitisha kwamba Monet alichora palepale pwani.

Kesho yake nilipanda treni St Pancras hadi Gare du Nord, Paris, mwendo wa saa mbili na ushei. Treni za Trouville huondokea stesheni nyingine ya Paris, Saint-Lazare, kwa hiyo fuata vibao vya kituo cha Magenta, panda RER E, treni ya mjini, ushuke kituo kinachofuata. Jiachie saa moja na nusu ya kubadilisha. Kutoka Saint-Lazare ni mwendo wa kama saa mbili.

Stesheni ni moja kwa miji miwili, Trouville na Deauville, na hapo ndipo watu hukosea. Hufuata umati hadi njia ya mbao ya Deauville, iliyojengwa miaka ya 1920, ambayo Monet hakuikuta mwaka 1870. Wewe vuka daraja la mto Touques, pinda kushoto, pita soko la samaki na kasino hadi ufukweni. Kisha shika kulia kuelekea Roches Noires, jengo lililokuwa hoteli Monet alipolichora kiangazi kilekile; picha hiyo iko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris.

Nilikuta maji yamekupwa. Mchanga wa chini ulikuwa umeshikana kwa unyevu. Unaopeperuka ni ule mkavu wa juu, karibu na njia ya mbao ya Trouville yenyewe, mahali watu wanapoweka viti. Upepo wa baharini huusukuma chinichini, usawa wa mapaja ya aliyeketi. Niliketi dakika kumi na daftari wazi. Nilipolifunga, mchanga ulikwaruza kwenye mshono wa kurasa.