Meza moja na Bibi

Usingizi umenikataa, kwa hiyo naandika. Jumatatu tumehamia nyumba mpya, Alhamisi binti kafaulu mtihani wa udereva, na mimi kichwani nina neno moja tu la Bibi.

Bibi ni yule mzee wa Kizungu ninayemhudumia nyumbani kwake Jumatano na Ijumaa, aliyeanza kubeba sinia za vinywaji kwenye kasino za hapa Las Vegas mwaka 1955. Jumatano nilikuwa nampaka mafuta miguuni, akaanza tena habari za Casbar, baa ndogo ya hoteli ya Sahara. Akimaliza zamu yake, alikuwa akibadili viatu na kwenda kumsikiliza Louis Prima. Kiingilio hakuna, unanunua kinywaji chako tu. Jukwaa lilikuwa nyuma ya kaunta, dogo, wanamuziki wamebanana. Walipiga awamu tano, kuanzia saa sita usiku mpaka kunakucha. Prima anarukaruka na tarumbeta, Sam Butera anajibu kwa saksafoni, na Keely Smith, mke wa Prima, kasimama kama mlingoti, hacheki wala hanuni, mpaka zamu yake ya kuimba ifike.

"Nilikaa karibu hata jasho la Prima likanidondokea kwenye glasi," Bibi akasema.

"Ukamwaga?"

"Nikanywa!" Akacheka mpaka akakohoa.

Nikaiona baa yote. Nikamkumbuka Mama akisimulia taarabu ya Black Star pale Tanga, unavyoinuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, ukamwona poda inavyomyeyuka shingoni. Muziki wa hivyo ndio ninaoupenda, wa mtu ambaye ukinyoosha mkono unamfikia. Hizi kumbi za siku hizi, unalipa dola mia mbili ukamtazame mwimbaji kwenye skrini, mimi hazinipi raha.

Ndipo nikasema, "Bibi, laiti ningekuwepo. Tungekaa meza moja."

Akanishika mkono. "Mwanangu, wewe wasingekuruhusu kupita mlangoni."

Alisema kwa upole kabisa. Tangu hapo nalirudia neno lile nikiendesha gari, nikifungua maboksi ya vyombo. Si kwamba nilikuwa sijui. Sammy Davis Jr., mwimbaji Mweusi, aliimba kwenye hoteli ya Last Frontier miaka ya 1940, akimaliza anarudi kulala Westside, mtaa wa Weusi. Hoteli kubwa za Strip, ile barabara ya kasino, hazikuwafungulia Weusi mpaka Machi 1960, walipotishia kuandamana. Yote hayo nilikuwa nayajua, lakini kama tarehe. Sikuwahi kujiona mimi mwenyewe nimesimama nje, na gauni langu zuri, muziki nausikia.

Na kingine: alisema "wao". Wasingekuruhusu. Yeye aliyekuwa ndani na sinia mkononi, mbona hakusema "sisi"? Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Ijumaa nilikwenda nimenuna, sifichi. Sijavua hata koti, akaniita.

"Ipo meza tungekaa. Moulin Rouge."

Hoteli ile ya barabara ya Bonanza, iliyofunguliwa Mei 1955, Weusi na Wazungu pamoja, wageni na wafanyakazi. Walikuwa na onyesho la saa nane na nusu usiku, na waimbaji wakubwa wakimaliza kazi Strip wanakwenda huko, wanapanda jukwaani wenyewe. Bibi alikwenda mara mbili. Mwaka haukuisha, ikafungwa.

"Mbona Jumatano hukuniambia?"

Akanyamaza kitambo. "Jumatano niliona haya. Mlangoni pale nimepita miaka, na sikuwahi kuuliza nani hapiti."

Sikupata la kujibu. Nikavuta kiti, si kile cha kunywesha dawa, nikakaa upande wa pili wa meza yake. Nikamwekea Keely Smith kwenye simu, nikamimina juisi ya nanasi glasi mbili. Wimbo ulipokwisha akapiga meza kwa kiganja, pa pa, kuomba urudiwe. Tumeurudia mara nne. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha kama ile nikiwa kazini.

Sasa ni saa sita usiku, Tanga saa nne asubuhi. Mama simu hapokei tangu jana. Jirani anasema kamwona uani akianua nguo, lakini dawa zake za presha ziliisha Jumanne, na kaka hajanijibu kama amezinunua.